Darius Anunua Nyumba kwa Mdomo

Siku Darius Wilondja alipopata nyumba, mfukoni hakuwa na hata pesa ya bugali aliokuwa anaula. Alikuwa ameketi katika kibanda cha chakula cha Arlette, karibu na soko la Baraka, mbele yake samaki wawili wa kukaanga, mikebuka ya ziwani, na kichwani akitunga maneno ya kumweleza Arlette kwa nini atalipa kesho.

Tuelewane mapema: Darius hakuwa mwizi. Mwizi anavunja mlango. Darius hajawahi kuvunja hata kufuli. Watu walimfungulia wenyewe, wakamkaribisha na kumpa kiti. Alishauza simu ambazo ndani ya boksi zilikuwa sabuni. Alishaandikisha vijana kazi katika shirika ambalo halikuwepo. Na mwaka uliopita, kule juu Fizi, alikusanya michango ya harusi ya bwana harusi ambaye mpaka leo hajazaliwa.

Meza ya pili alikaa Gordien Kezimana, fundi cherehani, Mrundi aliyetoka kambi ya Lusenda miaka kadhaa nyuma akaja mjini kutafuta wateja. Siku hiyo Gordien alikuwa anakula nyama ya mbuzi, jambo lililomshangaza Arlette.

"Gordien, leo umeokota wapi feza?"

"Ni ya nyumba, dada," Gordien akasema akicheka. "Papa Bertin, mwenye nyumba yetu, alienda Kalemie kutunza mguu. Simu yake haipite. Huu ni mwezi ya ine hakuna mutu anatuuliza kitu. Mama Pulchérie na mwalimu Solange wanachunga zao, lakini mi, hii moja nimeikula."

Taya za Darius zikasimama. Nyumba ya milango mitatu, wapangaji watatu. Miezi minne. Mwenyewe yuko mbali, anaumwa, hapatikani. Akamtazama Gordien kwa upendo, kama mtu anavyomtazama mtoto wa ndugu yake, kisha akaaga kwa heshima na kumwambia Arlette kwamba kesho atalipa mara mbili.

Asubuhi iliyofuata aliazima koti la binamu yake anayeimba kanisani, akanunua kitabu cha risiti, akapita kwa fundi wa mihuri. Fundi akamuuliza muhuri useme nini. Darius akajibu kwamba useme kitu kizito. Basi ukasema DIRECTION GÉNÉRALE, yaani Kurugenzi Kuu, na katikati ukawekwa tai ambaye, kwa haraka ya fundi, alitoka akifanana na bata. Darius akapanda pikipiki yake, kitu pekee alichowahi kununua kwa njia ya haki, na hiyo ni kwa sababu aliyemuuzia alikuwa mjanja kumpita.

Alimkuta Mama Pulchérie uani, ameinama juu ya chandarua kikuukuu, anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, wa kupeleka sokoni. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na mikono ambayo haikujua kupumzika. Gordien alikuwa barazani kwenye mashine yake. Mwalimu Solange, wa mlango wa tatu, alikuwa anasahihisha madaftari huku ameweka beseni kando yake, kwa sababu paa la chumba chake lilivuja na mvua haikuwa mbali.

"Hodi hapa!"

"Karibu, papa. Unatafuta nani?"

"Mi ni gérant ya Papa Bertin," Darius akasema, akifungua koti ili kalamu tatu za mfukoni zionekane. "Amenituma nichukue feza ya nyumba. Miezi mine."

Mama Pulchérie hakuinua kichwa.

"Gérant, ule wa kuchunga nyumba ya benyewe?"

"Ndiyo ule."

"Basi panda pikipiki yako urudie kwenye umetoka. Kule Swima nililipa gérant mwaka muzima. Siku mwenye nyumba alifika, akasema: ule mutu mi simujue. Bintu byangu bikatupwa inje na mvua inanyesha, batoto wamejifunika masufuria kwenye kichwa. Nikalipa mara ya pili. Tangu siku ile, mi ninalipa mwenye nyumba tu. Wengine bote, Mungu abalipe."

Mtu mwingine angeaga. Darius alivuta pumzi moja tu.

"Mama, haukuniacha nimalize. Nilikuwa gérant. Tangu mwezi uliopita, nyumba ni yangu. Nimeinunua."

Katika historia yote ya ununuzi wa majumba pale Baraka, hakuna mtu aliyewahi kununua nyumba kwa upesi namna ile, kati ya koma na nukta, bila hata kukaa chini.

"Papa Bertin ameuza?" Solange akauliza, kalamu nyekundu ikibaki hewani.

"Mguu, mwalimu. Dawa za Kalemie ni bei kali. Alilia wakati wa kusaini. Na mi nikalia pamoja naye."

Mama Pulchérie akanyoosha mgongo. Akamtazama Darius kuanzia viatu mpaka kalamu, kisha kuanzia kalamu mpaka viatu. Halafu akajipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na kiti.

Kiti kilipofika, Darius alijua kazi imekwisha. Hapo alikosea, lakini tusimharakishe.

"Kama ni we mwenye nyumba, tutalipa," akasema Mama Pulchérie. "Lakini utatuandikia reçu."

"Mama, mi ni mutu wa karatasi!" Darius akatoa kitabu chake cha risiti, akaandika mstari mmoja wa haraka, akachora sahihi yenye mikia miwili na kuipiga muhuri wa bata.

Mama Pulchérie akaigeuza juu, akaigeuza chini.

"Hii ni nini?"

"Sahihi yangu."

"Iko kama kuku alikanyaga wino. Hapana. Mwalimu, leta karatasi kubwa. We utaandika muzuri, yeye atasaini. Andika jina lake yote."

Hapo Darius akafurahi, kwa sababu kama kuna kitu alichokipenda kuliko pesa, ni Kifaransa cha ofisini. Akasimama, akafunga mikono nyuma, akaanza kumtamkia mwalimu: "Je soussigné, Wilondja Darius..." Maneno yale ya mwanzo, yaani mimi niliyesaini hapa chini, yalimfanya ajisikie amevaa tai shingoni. Solange akaandika. Na kila alipofika mwisho wa mstari, Mama Pulchérie aliongeza jambo dogo.

"Weka namba ya carte d'électeur yake, ile kadi ya kura. Hapana ya kichwa, papa, toa kadi tuone."

Darius akatoa kadi.

"Weka kama yeye ni bailleur, mwenye nyumba. Weka ni mwezi gani. Weka feza kwa namba, tena kwa maneno, namba inaweza kuzaa zero usiku. Sasa weka garanti."

"Garanti?" Darius akauliza.

"Ile feza ya miezi sita kila mutu aliweka kwa Papa Bertin mbele ya kuingia. Kama ulinunua nyumba, ulinunua na garanti yetu ndani. Siku tutatoka, ni we utaturudishia. Weka. Na weka tena kama paa, choo na ukuta ni mwenye nyumba anatengeneza. Njo vile ilikuwa kwa Papa Bertin, hata kama hakutengeneza kitu."

Darius alifikiri kidogo. Kusaini ni bure. Uongo wa mstari mmoja na uongo wa ukurasa mzima una uzito uleule, na yeye baada ya siku chache angekuwa Uvira. Akasaini. Akaweka kidole gumba. Akapiga bata. Kila mpangaji akapata yake, nakala tatu tatu.

"Hii ya tatu ni ya nani?" akauliza.

"Ya shefu wa mtaa. Achunge. Nyumba inaweza kuungua, karatasi ikaungua."

Angeweza kuzinyakua zile karatasi na kuondoka. Lakini wakati huohuo Mama Pulchérie alifungua fundo la kitenge chake na kuweka dola ishirini mezani, Solange akaweka zake, Gordien akaweka za kwake kwa uso wa msiba. Ulikuwa mwezi mmoja wa kila mlango.

"Ile ingine mitatu utachukua wiki ijayo," akasema Mama Pulchérie. "Batu bananidai na mi ninabadai."

Mjanja mwenye kiasi angechukua dola sitini zake na kushika njia. Lakini kule nyuma zilibaki dola mia moja na themanini, zimeahidiwa, zimetajwa kwa namba na kwa maneno. Darius hakuwahi kuacha pesa peke yake namna ile. Alikula mbuzi wiki nzima, akamlipa Arlette deni lote, na Arlette aliposhangaa akamwambia kwa upole, "Nilinunua nyumba kidogo."

Wiki iliyofuata upepo ulitoka ziwani, ukapiga Baraka alfajiri. Darius alipofika na kitabu chake cha risiti, mabati manne ya chumba cha Solange yalikuwa kwenye mihogo ya jirani, na magodoro yote matatu ya mwalimu yameanikwa juani. Uani wamekaa watu wanne. Wapangaji watatu, na mzee mmoja mwenye miwani, aliyeshika ile nakala ya tatu.

"Bailleur Wilondja!" mzee akasema, akisimama kumpa mkono. "Mi njo shefu wa mtaa. Tulikuwa tunakutafuta."

Katika kazi ya Darius, maneno "tulikuwa tunakutafuta" huwa hayafuatwi na habari njema. Akapima kwa macho umbali wa kufika kwenye pikipiki. Gordien alikuwa ameiegemea.

"Papa Bertin, kila mwaka alikuwa anatuambia kesho," shefu akaendelea. "Kesho bati, kesho choo. Choo ya hapa imejaa mpaka jirani wanakuya kulia kwangu. Tunashukuru Mungu, nyumba imepata mutu. Unaanza lini?"

"Shefu, kusema kweli, mi..."

"We nini? Haiko we mwenye nyumba?"

Shefu akaweka kidole juu ya namba ya kadi, taratibu, bila hasira.

"Sababu, kama haiko we mwenye nyumba na umechukua feza ya bale batu, ile iko na jina ingine. Na iko na nyumba yake ingine, yenye hakuna mutu analipa mwezi. Tutakupeleka."

Darius alitazama mabati kwenye mihogo. Akatazama bata, aliyekuwa amelala kwenye karatasi kwa wino wa zambarau.

"Mi ni mwenye nyumba," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi.

Basi akaanza kujenga. Mama Pulchérie hakumnyima pesa, hapana. Alimpa kidogo kidogo, kutoka kodi ya wote ya miezi iliyobaki na iliyofuata, kila mara kwa karatasi, kila mara nusu ya kile kilichohitajika. Akitoa ya mabati, misumari ilibaki juu ya Darius. Akitoa ya mbao, kuzibeba kulibaki juu ya Darius. Kila jioni aliapa kwamba kesho atatoroka, na kila jioni alipiga hesabu na kukuta kwamba pesa aliyotoa mfukoni imezidi aliyopokea. Kutoroka kabla ya kuirudisha ilikuwa hasara, na Darius aliogopa hasara kuliko gereza. Aliuza koti la binamu yake. Aliuza simu. Mafundi wa mbao walipomtajia bei yao, alicheka, kisha akapanda juu mwenyewe. Choo kilipofika kina cha mtu mmoja na ardhi ikakataa jembe, akauza pikipiki apate ya kuvunjia mwamba.

Mtu ambaye maisha yake yote aliinua mdomo tu, sasa aliinua mawe. Viganja vilimtoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakawa ngozi ngumu. Watu waliopita njiani kwenda sokoni walimsalimia: "Kazi, patron!" Mwanzoni neno hilo lilimchoma. Baadaye likaanza kumkaa vizuri. Siku moja mbuzi wa jirani alisimama kwenye ukuta mpya, udongo ukiwa bado mbichi, akaanza kuulamba. Darius alimfukuza mpaka barabarani akipiga kelele, "Toka kwenye nyumba yangu!" Kisha akasimama pale, fimbo mkononi, akishangaa. Lilikuwa neno lilelile la siku zote, lakini mara hii lilimtoka bila kulitunga. Hakumwambia mtu. Siku iliyofuata alinunua kopo la rangi ya samawati, kwa pesa yake, wala hakuna aliyemwomba, akapaka milango yote mitatu.

Mama Pulchérie alimletea chakula mchana, kila siku, bugali na ndagala. Alikuwa amemzoeza pia kuomba risiti madukani na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Hata duka?" Darius alikuwa amelalamika.

"Hata duka. Bati ikija kuliwa na kutu mwezi ujao, utarudia kusema nini? Kama ulinunua kwa mdomo?"

Darius alimtazama sana usoni, akitafuta cheko. Hakuliona.

"Mama," akamwambia siku nyingine akitafuna, "na kama Papa Bertin angerudi?"

"Angerudi kufanya nini? Si aliuza?"

Ndagala akamkwama kooni. Mama Pulchérie akampa maji.

Papa Bertin alirudi siku ya soko, asubuhi, kwa boti ya kutoka Kalemie. Mguu ulikuwa umepona, viatu vilikuwa vipya, na fimbo aliishika kwa ajili ya heshima tu. Alipofika mbele ya nyumba alisimama, akatazama kushoto na kulia, akidhani amepotea mtaa. Juu ya paa mtu alikuwa anapigilia msumari wa mwisho.

"We! Unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Nyumba yako?" Darius akajibu bila kugeuka, kwa ukali wa kweli. "Muzee, hii nyumba iko na mwenyewe!"

Kisha akageuka. Nyundo ikamtoka mkononi, ikabingirika juu ya bati, ikaanguka karibu na kiatu kipya.

Hatutarudia yote aliyosema Papa Bertin kwa nusu saa iliyofuata. Kwa kifupi, alisema mwizi. Alilisema kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kibembe. Alipochoka na Darius, ambaye hakuweza kushuka kwa sababu ngazi ilikuwa imezungukwa na watu, akawageukia wapangaji.

"Na nyinyi, feza yangu iko wapi? Miezi yote!"

"Tulilipa, papa," Solange akasema, akinyoosha karatasi zake. "Reçu ni hizi."

"Mulilipa mwizi! Mi sijapokea hata franga. Mutanilipa yote leo, ao mutatoa bintu byenu leo. Niko na batu banangojea hii nyumba." Akaangalia tena mabati yanayong'aa, milango ya samawati. "Tena bei imepanda."

Solange akaanza kulia. Gordien alikaa kwenye mashine yake. Alikuwa amelipa hata ule mwezi wa mbuzi, na sasa aliona anaulipa tena. Mama Pulchérie hakulia, lakini uso wake ulibadilika rangi. Mtoto wake mdogo alikuwa amesimama mlangoni, na bila kuambiwa na mtu yeyote alikuwa ameanza kukusanya masufuria.

"Weka chini," akamwambia mtoto. "Gordien, kimbia uite shefu."

Shefu alikuja na miwani yake na zile nakala. Watu wa njiani wakasimama. Hata Arlette alikuja, mwiko mkononi.

"Papa Bertin," akasema Mama Pulchérie, sauti yake imetulia, "mbele ya shefu, utuambie. Ule mutu kwenye paa ni nani kwako?"

"Ni mwizi!"

"Muzuri. Shefu atamupeleka. Lakini mbele ya kuenda, atatoa bati zake."

"Bati zake?"

"Ni zake. Reçu ya duka iko na jina yake. Na mbao. Na misumari. Darius, tupa ule mufuko."

Mfuko wa plastiki ukaanguka kutoka paani. Shefu akaufungua, akasoma karatasi moja moja, akitikisa kichwa.

"Kweli, ni yeye alinunua."

"Na choo?" Gordien akauliza, akisogea mbele. "Choo nayo alichimba."

"Atarudisha udongo," akasema Mama Pulchérie. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Papa Bertin, mi siko nabishana na we. Kama huyu ni mwizi, tutakulipa, na utabakia na nyumba yako namna uliiacha, mvua ndani, choo imejaa. Lakini kama ni gérant yako, feza yenye tulimupatia ilifika kwako. Ile kule juu, inang'aa. Chagua moja. Haiwezi kuwa bote mbili."

Papa Bertin aliinua macho. Jua lilikuwa limepanda na paa lote liliwaka. Akatazama mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akazunguka nyuma ya nyumba, watu wakasikia mlango wa choo ukifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Akarudi. Akakohoa.

"Wilondja," akaita kwa sauti nyingine kabisa, "kwa nini haukuniuliza mbele ya kuchagua rangi?"

Kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka sokoni. Darius akakaa juu ya paa, kichwa kati ya magoti, na walio karibu wanasema mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Kama ni kicheko au kilio, hakuna aliyepanda kuhakikisha.

Mama Pulchérie hakumpa Papa Bertin nafasi ya kupoa. Mwalimu alishakuwa na karatasi. Je soussigné, Bertin, nimepokea kupitia gérant wangu kodi ya miezi yote mpaka huu, garanti iko kwangu, bei ya nyumba ni ileile. Namba ya kadi. Kidole gumba. Katika miaka yote ya kupangisha, ilikuwa mara ya kwanza Papa Bertin kuandikia mtu risiti, na alisaini kwa uso wa mtu anayetolewa jino. Shefu akachukua nakala yake, akaenda zake.

Watu walipotawanyika, Papa Bertin alibaki uani na Darius, ambaye sasa alikuwa ameshuka. Mzee akaugonga ukuta mpya kwa fimbo. Akauliza bati bei gani, mbao bei gani, fundi alilipwa ngapi. Aliposikia kwamba fundi ni Darius mwenyewe na kwamba Darius ameuza hata pikipiki, kitu kama alfajiri kikaingia usoni mwake.

"Mutoto yangu," akasema, akimshika bega, "mi sina roho mbaya. Kule nyuma iko nafasi ya milango ingine mitatu. Mi nitatoa simenti na bati. We utatoa nguvu. Mambo ya mushahara, tutaona mbele."

Darius alikuwa amechoka. Mikono ilimuuma, alinuka jasho na rangi, na hakuwa na simu, koti wala chombo cha kupanda. Lakini aliposikia maneno "tutaona mbele", ambayo yeye mwenyewe aliwalipa nayo watu miaka yote, mgongo wake ulinyooka polepole, na tabasamu ambalo Baraka haikuliona kwa miezi likarudi mahali pake.

"Patron," akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "simenti inapanda bei. Kama tungenunua leo, tungenunua na bati kwa ile bei ya kwanza."

"Ngapi?"

"Mia ine ingetosha. Na mi nitaomba wapunguze."

Papa Bertin akakaa, akavua kiatu kipya, akavuta soksi, akahesabu dola mia nne zilizolainika kwa joto la safari. Darius akazipokea kwa mikono miwili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake yote, labda kwa mazoea ya miezi ile: akatoa kitabu cha risiti bila kuombwa.

"Nikuandikie reçu, patron?"

Papa Bertin akaudhika kweli.

"Kati ya mi na we? Haya makaratasi ya bamama usiniletee. We ni mutu yangu."

Mama Pulchérie alikuwa hatua chache kutoka pale, ameinama juu ya chandarua chake. Alifungua mdomo. Akamtazama mzee aliyekuwa anavaa kiatu chake, aliyetaka kumtoa yeye na watoto wake wanne asubuhi ileile. Akaufunga mdomo, akaendelea kugeuza ndagala.

Solange akamsogelea, akanong'ona, "Mama, haumwambie?"

"Nimwambie nini, mwalimu? Ni mwenye nyumba. Anajua kazi yake."

Darius alipita karibu nao akielekea barabarani. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

"Mama, niulize tu. Ulijua lini?"

"Ulinunua nyumba ukiwa umesimama kwenye mulango," akasema Mama Pulchérie bila kuinua kichwa. "Nikasema, huyu mutu iko na nguvu, na paa yetu inavuja. Feza ya mwezi moja ilikuwa bei ndogo ya fundi. Lakini sikukuficha, papa, niliogopa. Niliogopa kila siku."

Darius akaitazama ile milango ya samawati. Alitaka kusema neno zuri, moja kati ya yale mengi aliyokuwa nayo, lakini hakupata hata moja.

"Ile ya katikati inataka rangi mara ya pili," akasema mwishowe.

"Tutapaka. Kwenda muzuri, bailleur."

Akaenda, mkono mfukoni, kwa mwendo wa mtu mwenye mali. Kwenye kituo cha pikipiki hakuuliza bei ya simenti. Aliuliza bei ya kufika Uvira.

Papa Bertin naye alihamisha kiti kwenda nyuma ya nyumba, akakaa akipima kwa fimbo mahali ambapo milango yake mitatu ingesimama. Mchana akauliza kama simenti imefika. Jioni akauliza tena, na Gordien, ambaye ni mtu wa huruma, akamletea bakuli la uji na kumwambia kwamba pengine barabara ni mbaya.